Istilahi za Maktaba na Njia ya Taarifa: Mifano ya Kilosa na Mikumi

Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi chache zinazotumika katika huduma za maktaba za vyuo vikuu na katika mafunzo wanayopewa watafiti na wanafunzi ili waweze kuzitumia huduma hizo. Hatukukusudia kuorodhesha maneno yote ya ukutubi, kwani hiyo ni kazi ya kamusi. Tumechagua yale yanayoleta matatizo, na tumeyachunguza kwa kulitazama eneo moja, yaani Kilosa na Mikumi katika Mkoa wa Morogoro. Tumelichagua eneo hilo kwa kuwa limetafitiwa sana, na sehemu kubwa ya matokeo ya utafiti huo imeandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa mbali na watu ambao mashamba yao, mifugo yao na misitu yao ndiyo iliyotafitiwa.

Yafaa kwanza tuvitaje vyombo vyenyewe. Mjini Morogoro kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 1984 baada ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Maktaba yake si mali ya walimu na wanafunzi wake peke yao. Kwa Sheria Na. 21 ya 1991 Bunge liliifanya kuwa Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, na kwa hiyo inawajibika kuwahudumia wote wanaoshughulika na kilimo nchini, hata kama hawajawahi kukanyaga uwanja wa chuo. Wilayani Kilosa, mahali paitwapo Ilonga, kuna kituo cha utafiti wa mazao, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kuna chuo cha mafunzo ya kilimo, na kuna chuo cha ualimu. Upande wa kusini wa wilaya uko mji mdogo wa Mikumi, na jirani yake Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyotangazwa mwaka 1964. Hivyo katika wilaya hii moja tunao mtafiti wa mbegu, mwanafunzi wa kilimo, mwalimu mtarajiwa na askari wa hifadhi. Kila mmoja wao anaweza kuwa na swali ambalo jibu lake limo katika rafu za Morogoro. Tatizo ni namna ya kuliuliza swali hilo, kwa maneno gani.

Maneno maktaba na mkutubi hayana mgogoro. Yote mawili yametokana na asili moja ya Kiarabu yenye maana ya kuandika, na yote mawili yalikwisha kukaa vizuri ilipoundwa Bodi ya Huduma za Maktaba mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere alipoifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Kazi ya mkutubi tunaiita ukutubi, na chuo kinachoifundisha kipo Bagamoyo. Katalogi nalo limekubalika. Wapo waliotaka liitwe orodha ya vitabu, lakini orodha huweza kuwa ya chochote na haina lazima ya kumwonesha mtu mahali. Katalogi humweleza msomaji kwamba kitabu kipo, kimetungwa na nani, na kimesimama katika rafu ipi. Hatuoni haja ya kurudi nyuma katika jambo hilo.

Tatizo la kweli linaanza pale msomaji anapoambiwa asome kile kifungu kifupi kinachotangulia tasnifu au makala ya utafiti, kinachoeleza kwa maneno machache mtafiti alitaka kujua nini, alifanya nini na alipata nini. Wengi hukiita muhtasari. Neno hilo ni zuri, lakini limekwisha kubebeshwa mizigo miwili mingine mizito. Kwa mwalimu, muhtasari ni ile hati ya Wizara inayoonesha mada za somo zitakazofundishwa mwaka mzima. Kwa mtumishi wa Serikali, muhtasari ni kumbukumbu za kikao zilizotiwa sahihi na mwenyekiti na katibu. Sasa tuchukue mfano wa mwanachuo wa ualimu wa Ilonga anayehudhuria mafunzo ya matumizi ya maktaba, akaambiwa: “Usisome tasnifu yote, tafuta muhtasari wake kwanza.” Haitakuwa ajabu akienda kutafuta muhtasari wa somo la kilimo, na asipouona aamini kwamba maktaba haina anachokitaka. Kosa hilo si la mwanachuo. Ni letu sisi tunaoliachia neno moja lifanye kazi za watu watatu.

Kwa maana hii ya tatu lipo neno ikisiri, ambalo limetumika kwa miaka mingi katika majarida ya kitaaluma ya Kiswahili. Linatokana na asili ya Kiarabu yenye maana ya kufupisha, lina herufi chache, na halijawekwa kazi nyingine inayoshindana nayo. Tunashauri walimu na wakutubi walishike: muhtasari ubaki wa somo na wa kikao, na ikisiri iwe ya tasnifu na ya makala. Watumishi wa ofisini watakaokutana na ikisiri mara ya kwanza watashangaa kidogo, kisha watazoea, kama walivyozoea mengi mengine.

Jambo la namna hiyohiyo linaonekana katika jozi ya fahirisi na faharasa. Kwa asili ni neno moja lililotufikia kwa sura mbili, na labda ndiyo sababu kila mchapishaji amejitafutia matumizi yake. Katika kitabu kimoja faharasa ni orodha ya maneno magumu pamoja na maana zake. Katika kingine ni orodha ya majina na mada pamoja na kurasa zinapopatikana. Wanauchumi wamelichukua fahirisi wakalitumia kwa kipimo cha kupanda na kushuka kwa bei. Msomaji asiyeambiwa tofauti atafungua kurasa za mwisho akitazamia kitu kimoja na kukuta kingine. Katika makala hii tunalitumia fahirisi kwa ile orodha ya mada na kurasa, na vilevile kwa kazi ya kuipa makala au tasnifu maneno yatakayoiwezesha kupatikana. Kazi hiyo tunaiita kufahirisi. Orodha ya maneno na maana zake na iwe faharasa. Wanauchumi hawana sababu ya kuhofu, kwa kuwa fahirisi ya bei haichanganyiki na fahirisi ya kitabu, kama vile mguu wa meza usivyochanganyika na mguu wa mtu.

Tumesema kufahirisi ni kuipa kazi maneno ya kuipatia. Hapa ndipo penye uzito wote wa mada yetu, na tungependa kupaeleza kwa kirefu kidogo.

Wakulima wa Kilosa wanamfahamu panya shamba kuliko wanavyowafahamu watafiti wake. Ni panya mdogo ambaye wanasayansi humwita Mastomys natalensis. Hufukua mbegu ya mahindi iliyokwisha kupandwa, mara nyingi kabla haijaota, na mkulima hulazimika kupanda upya akiwa bado na mbegu, au kukaa bila mavuno akiwa hana. Wilaya ya Kilosa ni miongoni mwa sehemu za nchi ambazo zimepatwa na milipuko ya panya huyu zaidi ya mara moja. Watafiti wa Morogoro, wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji, wamemchunguza kwa miongo kadhaa, na walichokipata kina faida kubwa kwa mkulima. Kuzaliana kwa panya hufuata mvua. Kwa kawaida huzaa wakati wa masika, lakini mvua za vuli zikiwa nyingi hupata chakula mapema na kuanza kuzaa mapema, na watoto wao nao huwahi kukua na kuzaa katika msimu uleule. Kwa hiyo anayepima mvua za vuli anaweza kuonya miezi kadhaa kabla kwamba panya watazidi. Ni onyo ambalo lingeweza kumpa bwana shamba muda wa kuagiza sumu na kuwakusanya wanakijiji watege kwa pamoja badala ya kila mmoja kutega peke yake.

Sasa na tumfikirie bwana shamba huyo akiitafuta taarifa hiyo. Kwa Kiingereza cha wataalamu panya huyu huitwa kwa jina linalotaja wingi wa chuchu za jike, ambazo huweza kufikia 24. Mfasiri aliyeketi mjini akiwa na kamusi peke yake ataandika panya mwenye chuchu nyingi, na kwa sarufi hatakuwa amekosea. Lakini hakuna mkulima hata mmoja wa Kilosa atakayetafuta kwa jina hilo, kwa sababu hakuna anayehesabu chuchu za panya anayemla mbegu. Jina analolijua ni panya shamba. Linalochekesha ni kwamba hata baadhi ya waandishi wa Kiingereza wameliazima neno letu shamba wakalitia katika jina la mnyama huyo. Yaani mgeni amelipokea neno ambalo mfasiri mwenyeji analipita. Na zile mvua za vuli, katika maandishi ya Kiingereza huitwa mvua fupi. Atakayefasiri neno kwa neno ataandika mvua fupi, na msomaji atadhani ni mvua iliyonyesha kwa dakika chache.

Kwa hiyo mkutubi anayeifahirisi tasnifu ya aina hii anapaswa kuipa angalau majina matatu: jina la kisayansi, ambalo halibadiliki kutoka nchi hadi nchi, jina la Kiswahili ambalo watu wanalitumia kwa kweli, na jina la Kiingereza lililomo ndani ya tasnifu yenyewe. Likikosekana la kwanza, mtafiti wa nchi nyingine hataiona. Likikosekana la pili, hataiona mtu wa Ilonga.

Kazi hii si ngeni duniani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianza mapema katika miaka ya 1980 kutunga orodha ya istilahi za kilimo iitwayo AGROVOC, ambamo kila dhana ina namba yake, na chini ya namba hiyo huwekwa majina ya lugha mbalimbali. Kiswahili sasa kimo katika lugha hizo. Faida yake ni kwamba anayetafuta kwa Kiswahili huweza kufikishwa kwenye maandishi ya Kiingereza au Kifaransa bila yeye kuzijua lugha hizo. Lakini orodha ya namna hiyo haizidi ubora wa maneno yanayotiwa ndani yake, na maneno ya shambani hayapatikani Roma. Yanapatikana kwa kuwauliza wanaoyatumia.

Tutoe mfano wa Mikumi yenyewe. Mahali hapa pamepewa jina la mti wa jamii ya mitende ambao wenyeji huuita mkumi. Katika maandishi mengi ya Kiswahili mti huohuo huitwa mvumo, na wanasayansi huuita Borassus aethiopum. Mwanafunzi anayesoma kwamba mvumo unapungua huenda asitambue kwamba anasoma habari za mti uliokipa jina kijiji chake. Anayeandika mikumi inapungua naye huenda akaeleweka vibaya, kana kwamba ni hifadhi inayopungua ukubwa. Hapa hatuwezi kusema kwamba jina moja ni sahihi na jingine ni kosa. Mvumo na liwe neno kuu, kwa kuwa linajulikana katika eneo kubwa zaidi, na mkumi liandikwe chini yake likimwelekeza msomaji huko. Katika ukutubi kuelekeza huku ni jambo la kawaida. Kinachohitajika ni mtu aliyejua kwamba majina ni mawili.

Nyani nao wana mkasa wao. Mwaka 1974 Ramon Rhine wa Chuo Kikuu cha California alianza katika hifadhi hiyo utafiti wa nyani wa manjano, Papio cynocephalus, na utafiti huo uliendelezwa na wengine kwa miaka mingi, hata nyani wa Mikumi wakawa miongoni mwa wanaojulikana sana katika majarida ya sayansi ya nchi za nje. Katika Kiswahili sanifu nyani ni mnyama huyo mmoja. Tumbili ni mwingine, mbega ni mwingine, kima ni mwingine, na sokwe yuko mbali nao wote. Wasemaji wa lugha yetu walizitenganisha aina hizi zamani sana, kwa kuwa kila moja huingia shambani kwa namna yake. Lakini siku hizi wafasiri wa vitabu vya shule hulinyosha neno nyani lifunike kundi zima, kwa sababu tu Kiingereza kina neno moja la jumla. Matokeo yake ni kwamba anayetafuta utafiti wa Mikumi kwa neno nyani hupewa mbega wa Udzungwa na sokwe wa Gombe humohumo. Kwa kundi zima tunapendekeza primati, neno ambalo limekwisha kuanza kutumika, ili nyani abaki nyani. Ni afadhali kukopa neno moja la nje kuliko kuvunja matano ya ndani.

Mbegu za Ilonga zinatufundisha upande mwingine wa jambo hili. Mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi ulikuwa na makao yake katika kituo hicho, na mbegu zilizotokana na mpango huo zilipewa majina ya Kiswahili kama Staha, Kito na Kilima. Katika mtama nako ikatoka Tegemeo. Ni majina mazuri, yaliyochaguliwa na watu waliojua kwamba mkulima hanunui namba. Ila mfasiri anayepeleka maandishi katika Kiingereza akumbuke kwamba hayo ni majina pekee wala hayafasiriwi, na mkutubi ayaandike kwa herufi kubwa na kuyafuatisha na jina la zao: Kilima, mahindi; Tegemeo, mtama. Bila hivyo, anayetafuta habari za mmomonyoko wa udongo katika vilima ataletewa mahindi.

Tumebakiza istilahi iliyo ngumu kuliko zote, yaani jina la mafunzo yenyewe. Vyuo vikuu leo vina utaratibu wa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hata watafiti wazoefu, namna ya kutambua wanachohitaji kujua, kukitafuta, kukipima kama kinaaminika, na kukitumia bila kuiba kazi ya mtu. Haja ya mafunzo hayo imezidi tangu mwaka 2003, FAO ilipoanzisha mpango wa AGORA, ambao huziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya kilimo bure au kwa ada ndogo. Majarida yamekuwa mengi kuliko uwezo wa mtu kuyapitia. Zamani shida ya mtafiti wa Ilonga ilikuwa kukosa cha kusoma. Sasa ni kuchagua.

Mafunzo haya yaitweje? Wapo wanaosema ujuzi wa habari. Hatulipendi jina hili, kwa kuwa kwa watu wengi habari ni zile zinazosomwa redioni, na mwenye ujuzi wa habari ni mwandishi wa gazeti. Wapo wanaosema umahiri wa taarifa. Hili ni bora zaidi, kwa kuwa taarifa ni jambo lililokusanywa na kuwekwa ili litumike, na bwana shamba anayeandika taarifa ya mwezi analielewa hivyo. Lakini umahiri ni sifa ya mtu aliyekwisha kufika. Hauelezi njia ya kufika huko, na kumwita mwanafunzi wa wiki ya kwanza katika umahiri ni kumwandikia cheti kabla ya mtihani.

Sisi tunaona kwamba nchi hii ina neno lake ambalo limesahauliwa. Katika kampeni za elimu ya watu wazima, hasa baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu hiyo, watu walijifunza kusoma na kuandika kwa kupitia kilimo bora, lishe na afya, na madarasa hayo yaliitwa kisomo. Baadaye kulikuwa na kisomo chenye manufaa na kisomo cha kujiendeleza, na vijijini zikafunguliwa maktaba ili aliyejifunza asije akasahau. Kisomo halikuwa na maana ya kuzijua herufi tu. Lilikuwa na maana ya kusoma ili mtu afanye jambo. Hiyo ndiyo maana tunayoitafuta. Tunapendekeza basi mafunzo yaitwe kisomo cha taarifa, na umahiri wa taarifa liwe jina la kiwango anachokifikia mtu baada ya kupitia kisomo hicho. Tunajua kwamba baadhi ya wahadhiri watakataa, wakiona kwamba neno kisomo linanuka ubao wa chokaa na taa ya kandili. Hoja hiyo ni ya hadhi, si ya maana, na haitoshi kuliangusha neno.

Kuhusu kuazima hatuna mengi. Kitabu huazimwa, fedha hukopwa. Anayetoa kitabu anaazimisha. Tumeona fomu zinazosema kukopa kitabu, na tunashauri zirekebishwe zitakapochapishwa upya.

Mwisho tuseme jambo moja kuhusu tasnifu zinazoendelea kuandikwa juu ya Kilosa na Mikumi. Pale ambapo tasnifu ya Kiingereza haina ikisiri ya Kiswahili, ukurasa mmoja wa ikisiri hiyo, pamoja na maneno matano au sita ya kufahirisi, ungeandikwa na mtafiti mwenyewe kwa siku moja, wakati bado anakumbuka wakulima walitumia maneno gani alipowahoji. Maneno hayo yamo katika madaftari yake. Alihoji kwa Kiswahili, akajibiwa kwa Kiswahili, na pengine kwa Kisagara, Kikaguru au Kividunda, kisha akafasiri kila kitu ili aandike. Daftari likishatupwa, mkutubi wa Morogoro hana mahali pengine pa kuyapata.